Je, wajua kwa nini barakoa ya macho ya kushona huanzia kwenye pua?

Barakoa ya macho, ile inayofunika kuanzia juu ya nyusi hadi katikati ya pua na kuacha mdomo wazi, huonekana kazi nyepesi kabisa. Kata kitambaa, toboa matundu mawili, tia lastiki, basi. Lakini anayeishona hivyo kwa ajili ya igizo au sherehe ya kujivika huishia kuivua mapema. Inapwaya mashavuni, inabana pua, kope zinasugua kitambaa, na ili amwone aliyesimama pembeni lazima ageuze kichwa kizima. Lawama zote hutupiwa matundu: eti ni madogo. Mara nyingi tatizo liko hapo katikati, kwenye pua.

Jaribu kwa karatasi. Ilaze usoni uizungushe kuelekea masikioni, itatii vizuri. Sasa itake ifuate na umbo la pua: itagoma na kufanya makunyanzi. Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha kwamba kitu bapa hakiwezi kuvishwa juu ya umbo lililopinda pande mbili kwa pamoja bila kunyooshwa, kukunjwa au kukatwa. Ndiyo maana ganda la chungwa halilali bapa mezani bila kupasuka. Uso wa mtu una mapindo hayo kwa wingi: paji linatokeza, kati ya macho panabonyea, kisha pua inainuka tena. Kitambaa cha kufumwa husamehe kidogo, hasa kikivutwa kwa mshazari, kwa sababu nyuzi zake huweza kuteleza na kubadili pembe. Ila barakoa huhitaji kukazwa ili isilegee, na kikishakazwa, msamaha huo umekwisha.

Ukishafunga lastiki, ncha mbili za barakoa zinavutwa kwenda nyuma. Kitambaa kinachovutwa hutafuta njia fupi, na njia fupi kutoka panja moja hadi nyingine inakwea mgongo wa pua. Hivyo kinasimama juu ya pua na kuning'inia hewani mbele ya kila jicho. Hapo ndipo uwezo wa kuona unapopotelea.

Hesabu yake inaeleweka upesi. Tundu lenye upana wa sentimita 4, likiwa sentimita 2 mbele ya mboni, hukupa dirisha la digrii 90. Lisogeze hadi sentimita 1 bila kulipanua hata kidogo, na dirisha linafika karibu digrii 127. Ungetaka kupata upana huo wa kuona kwa mkasi peke yake, barakoa ikiwa bado iko mbali, tundu lingepaswa kuwa na sentimita 8. Lakini mboni za mtu mzima hutengana kwa wastani wa milimita 63 hivi. Matundu mawili yangekutana kabla hujafika huko, na barakoa yako ingekatika katikati! Kukisogeza kitambaa karibu na uso kuna faida kubwa kuliko kukata zaidi, na kinachokisogeza ni mshono wa pua.

Kwa hiyo usikate barakoa kama kipande kimoja. Kata nusu mbili, ya kulia na ya kushoto, zikutane kwa mshono unaoshuka katikati. Chukua waya laini, ubonyeze taratibu kutoka juu ya nyusi hadi pale barakoa itakapoishia puani, kisha uulaze juu ya karatasi na kuchora mstari wake. Mchoro huo ndio ukingo wa ndani wa kila nusu: unaingia kidogo kati ya macho, halafu unatoka nje kadiri unavyoshuka. Ongeza sentimita 1 ya kushonea. Ukiziunganisha nusu hizo, kitambaa kinapata mgongo wake chenyewe, na mashavu yake yanarudi nyuma kukaribia macho. Mimi naiona hii kuwa sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii: vipande viwili bapa vinaingia chini ya sindano, na kinachotoka kina umbo la uso.

Nafasi ya matundu ipimwe kwa uso wa atakayevaa, si kwa kukisia. Watu wazima wengi wana kati ya milimita 54 na 74 kutoka mboni hadi mboni, na watoto wana pungufu, hivyo barakoa ya mkubwa iliyopunguzwa pembeni tu haitamfaa mtoto. Kope za juu huwa na urefu wa milimita 8 hadi 12. Acha tundu lipande juu zaidi ya unavyodhani, na chini pia, maana ukingo wa chini ndio unaoficha ngazi na miguu yako mwenyewe. Ukingo wa juu wa barakoa nao ufunike nyusi. Mwaka 2003 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walionyesha watu picha za nyuso maarufu, na ikaonekana kwamba kufuta nyusi kulivuruga utambuzi kuliko kufuta macho. Barakoa inayoacha nyusi wazi inaficha kidogo mno.

Tabaka ni tatu: kitambaa cha nje, kile kitambaa kigumu chenye gundi kinachobandikwa kwa pasi kama cha ndani ya kola ya shati, na bitana. Hicho kigumu kikatwe kiishie kwenye mstari wa mshono, kisiuvuke. Kikiingia mshononi, ukingo ukigeuzwa unakuwa na tabaka sita, na sita hizo ndizo zinazochoma kope.

Ugumu wenyewe uko kwenye matundu. Unaweka kitambaa cha nje na bitana vikitazamana kwa pande zao nzuri, unashona kuzunguka tundu, unakata katikati ukiacha milimita 5, kisha unapitisha bitana kwenye tundu hadi nyuma. Bila kuchanja ukingo huo, tundu litakunjamana daima. Chukua tundu la mviringo lenye nusu kipenyo cha sentimita 2. Ukingo uliobaki ndani yake una urefu wa sentimita 9.4, lakini ukishageuzwa unatakiwa kulala mahali penye sentimita 15.7. Utazipata wapi hizo sentimita 6 za ziada? Kwenye michanjo midogo inayofunguka, inayokaribia mshono kwa milimita 1 au 2 bila kuugusa. Vitambaa vya felti havina shida hii, kwani nyuzinyuzi zake zimeshikamana bila kufumwa na hazichanguki, kwa hiyo ukingo huachwa ulivyokatwa. Kwa anayeanza, felti ni chaguo la busara kabisa.

Matundu yakishageuzwa namna hii, ukingo wa nje hauwezi tena kushonwa kwa ndani na kupinduliwa, kwa sababu tabaka zimeshafungamana katikati. Umalizie kwa upapi, yaani ukanda mwembamba wa kitambaa, uliokatwa kwa mshazari wa digrii 45, kwani huo hujinyoosha kwenye mapindo na kulala bila mikunjo.

Bitana iwe ya pamba, inayonyonya jasho, na iwe nyeusi. Rangi nyeupe ndani hurudisha mwanga machoni, na kingo za matundu zinang'aa mbele ya kila unachotazama. Kingo nyeusi husahaulika upesi.

Lastiki ishikwe kwenye usawa wa pembe za nje za macho. Ikiwa chini mno, ukingo wa juu unafunguka. Ikiwa juu mno, ule wa chini unainuka mashavuni. Nyuma ipite juu ya masikio na chini ya kisogo kinapotokeza, kwani juu ya hapo kichwa kinapungua na lastiki itateleza kupanda. Mapambo ya ungaunga unaometameta yakae mbali na matundu, au yasiwepo kabisa: chembe zake hudondoka, na moja tu ikiingia jichoni inaweza kukwaruza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Anayetaka mng'ao atarizi kwa uzi wa dhahabu, na atarizi kabla ya kutia bitana, ili mafundo ya uzi yafichike ndani.