Je, wajua kwa nini kisomeo cha breli cha kielektroniki kina mstari mmoja tu?

Nilipoona kwa mara ya kwanza kifaa cha mkononi cha kusomea breli, yale maandishi ya nukta ya wasioona, nilidhani kimekatwa. Vitufe juu, na mbele mstari mmoja wa nukta, herufi 20, basi. Ukurasa uko wapi? Nikajijibu mwenyewe kwa kujiamini: kidole husoma mstari mmoja kwa wakati, mingine ya nini?

Nilikosea, na wengi hukosea hivyohivyo. Msomaji mzoefu wa breli ya karatasi hutumia mikono yote miwili. Wa kulia ukiwa unamalizia mstari, wa kushoto umeshateremka kuutafuta unaofuata. Mikono hupanda kuhakiki kichwa cha habari, hushuka kwenye jedwali. Na mtoto anayejumlisha, namba moja chini ya nyingine, afanyeje na mstari mmoja? Kwa hiyo mstari mmoja si chaguo la msomaji. Umetokana na kilichojificha chini ya nukta.

Nukta ya kioo cha simu ni mwanga tu. Nukta ya breli lazima ipande, isimame, na isizame kidole kikipita. Kila moja ni mashine inayojitegemea, na herufi ya kielektroniki ina nukta 8 (6 za Louis Braille, aliyebuni breli, na 2 zilizoongezwa kwa ajili ya kompyuta). Herufi 20 ni mashine 160.

Sasa tazama jiko la gesi. Ukibonyeza kitufe, tak! Kinyundo kimegonga kipande cha kauri, cheche imeruka. Ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha mwaka 1880 kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli: ukizipa umeme hubadili umbo, ila kwa kiasi kidogo mno. Mafundi basi hubandika pamoja kanda mbili za kauri ya aina hiyo. Umeme ukifika, mmoja hurefuka, mwingine hufupika, na kwa kuwa haziachani, zote hupinda, kama ubao mbichi uliokauka upande mmoja. Ukanda ukiwa mrefu, ncha yake husogea zaidi, kama ufito wa kuvulia: kifundo cha mkono kikicheza kidogo, ncha inaruka mbali. Ncha hiyo ndiyo huisukuma nukta juu. Umeme wenyewe ni wa volti 200 hivi, lakini mkondo wake ni mdogo sana na umefungiwa ndani, hivyo mwanafunzi hahisi kitu.

Urefu huo ndio tatizo. Fikiria duka la mtaani lenye mlango mwembamba na stoo ndefu nyuma. Maduka 20 yatajipanga ubavu kwa ubavu bila shida. Safu ya pili utaijenga wapi, na stoo za safu ya kwanza zimejaza uwanja?

Maelezo haya hayamalizi kila kitu. Orbit Reader 20, kisomeo cha herufi 20 ambacho shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa limewafikishia wanafunzi wasioona nchini Kenya, hakitumii kanda hizi. Kina uzito usiofika nusu kilo, ilhali mashine ya Perkins, taipureta ya kuandikia breli kwenye karatasi, inakaribia kilo 5. Nukta zake hubadilika polepole, tena kwa mlio unaosikika, na bei yake iko chini sana ya ile ya visomeo vya kauri. Hata hivyo nacho kina mstari mmoja. Hapo nadhani stoo si kisingizio tena. Ni hesabu ya fedha, maana kila mstari huongeza mashine nyingine 160.

Mistari mingi inawezekana. Monarch, kisomeo kilichotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani, kina mistari 10 ya herufi 32, na nukta zake husukumwa na visumaku vidogo badala ya kauri. Kinachora hata grafu. Bei yake inazidi dola 10,000, kwa mistari isiyofika nusu ya ile ya karatasi moja kubwa ya breli.