MCA si kontrakta, jamani

Kazi yangu ni kukaa na watu wa wadi tukisoma bajeti ya kaunti, na sijawahi kumaliza kikao bila mtu kusimama aseme ati MCA wetu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, ni bure kabisa, miaka miwili hajatuletea hata kalvati moja. MCA hajengi! Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 185 inampa kazi ya kutunga sheria za kaunti na kuichunga serikali ya gavana, halafu Sheria ya Serikali za Kaunti kifungu cha 9 inamkataza kushika kazi za utendaji, iwe waziwazi au kwa mlango wa nyuma. Sasa nyinyi mnamsukuma aende kumbembeleza gavana ampe mradi, siku pesa za mradi huo zikiliwa atauliza maswali kwa mdomo gani? Kinyozi hajinyoi.

Kuchunga hakuna picha nzuri ya kuposti, ndio maana hamuoni. Kuna kamati ya MCA niliandamana nayo kukagua dispensari, ripoti inasema imekamilika asilimia 100, kufika mlangoni kuna kufuli mpya inang'aa, ndani mbuzi watatu wamepitia dirishani kwa sababu vioo havikuwekwa. Mama mmoja wa kamati akafungua BQ, ile orodha ya vifaa na kazi zilizolipiwa, akaanza kuhesabu soketi, kumi na mbili zimelipiwa na ukutani ni mashimo tu, kontrakta akakumbuka ghafla ana simu ya kupiga. Hiyo ndio kazi. Na huyo mama kwao anaitwa mvivu, ati hakupeleka unga kwenye matanga.

Dhana zingine za uongo nazipitia mbio. Ati bunge la kaunti halina meno, waziri wa kaunti akikataa kuja basi: soma kifungu cha 195, kamati ina nguvu kama za Mahakama Kuu za kuita mashahidi na kudai makaratasi, shida ni woga. Ati Mkaguzi Mkuu awafunge wezi: yeye anaandika ripoti, na bunge linafaa kuijadili ndani ya miezi mitatu, kesi ni za EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na DPP, mkurugenzi wa mashtaka. Ati kuchunga ni kumng'oa gavana, hapo hata sitaki kuanza, lakini kumbukeni Meru, MCA walipiga kura kumtoa gavana Kawira Mwangaza mara tatu, Seneti ikamwokoa mara mbili mpaka Agosti 2024 ndio ikakubali.

Mimi huwa nawaambia hivi na sitachoka. Hazina ya kaunti inatakiwa kupeleka bungeni ripoti ya matumizi kila robo mwaka, mwezi mmoja haujaisha baada ya robo kufungwa, na kuitangaza pia kwa wananchi. Kwa hivyo mkikutana na mheshimiwa sokoni msimuombe ya soda, muulizeni ile ya Januari hadi Machi ameisoma, na aliuliza swali gani.