Sayansi huria (kuweka makala na data za utafiti wazi kwa wote): yanayosemwa na ukweli wake

Dhana: Wanasayansi hawapendi kuanika kazi zao.
Ukweli: Wanafizikia wamekuwa wakiweka makala zao arXiv, hazina ya wazi ya mtandaoni, tangu 1991, kabla hazijahakikiwa na wataalamu wenzao, na hakuna sera iliyowashurutisha. Mwaka 1996, huko Bermuda, watafiti wa jenomu (taarifa zote za urithi) ya binadamu walikubaliana data zitolewe ndani ya saa 24 tangu zipatikane. Ubishi uliopo ni nani alipe na nani apewe sifa.

Dhana: Makala ikishapita kwa wahakiki, data zinaweza kubaki kabatini.
Ukweli: Hili linaniuma zaidi. Mei 2020 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa wa korona wapatao 96,000, uliodai kwamba haidroksiklorokwini, dawa ya malaria, inahusiana na ongezeko la vifo. Shirika la Afya Duniani likasitisha kwa muda majaribio ya dawa hiyo. Data zote zilikuwa mikononi mwa kampuni moja, Surgisphere. Wanasayansi zaidi ya 100 wakaandika barua ya wazi. Mojawapo ya hoja zao ilihusu Afrika: ilikuwa vigumu kuamini kwamba sehemu kubwa hivyo ya wagonjwa na vifo vya bara zima ilitoka kwenye hospitali chache zenye kumbukumbu za kielektroniki za hali ya juu. Wakaguzi huru walipoomba data kamili, kampuni ilikataa. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Wahakiki walikuwa wameipitisha bila kuziona data zenyewe.

Dhana: Huria maana yake bure.
Ukweli: Ni bure kwa msomaji. Jarida la Nature lilipoanza mwaka 2021 utaratibu wa mwandishi kulipia ili makala isomwe bure, ada kwa makala moja ilikuwa euro 9,500. Mhadhiri asiye na mfadhili atazitoa wapi? Ndiyo maana mapendekezo ya UNESCO ya Novemba 2021 yanataka pia uchapishaji usio wa kibiashara, usiomtoza mwandishi, uungwe mkono.

Dhana: Anayetangulia kutoa data hupata hasara.
Ukweli: Hofu hii ina msingi, tusiibeze. Novemba 2021 wanasayansi wa Botswana na Afrika Kusini waliwahi kuutangazia ulimwengu aina mpya ya kirusi cha korona, Omicron, na malipo yao yakawa nchi zao kufungiwa safari. Dawa ya hofu hii si kuficha. Data zitajwe kwa jina la aliyezikusanya, kama makala inavyotajwa, na vyuo vizihesabu mtafiti anapoomba kupandishwa cheo.