Kwa nini mtu yeyote anaruhusiwa kunakili makala za Wikipedia?

Ukichukua maandishi ya makala ya Wikipedia ukayachapa kitabu na kukiuza, hujavunja sheria, mradi utaje yalikotoka na umwachie msomaji wako ruhusa kama uliyoipata wewe. Kanuni hiyo ilianzia kwenye programu za kompyuta, na kisa chake kina printa ndani yake.

Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo kikuu cha MIT, Marekani, ilipata printa mpya ya Xerox. Katika ile ya zamani, Richard Stallman, mtunga programu wa maabara hiyo, alikuwa ameongeza maagizo ya kuwajulisha watu karatasi inapokwama. Hii mpya ilikuja bila msimbo wake, yaani maandishi ya mtunga programu ambayo fundi huyasoma na kuyarekebisha. Alimwendea mtaalamu wa chuo cha Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa. Mtaalamu huyo alishaahidi kutompa mtu msimbo huo.

Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU: mfumo mzima wa kompyuta ambao kila mtu angeweza kuutumia, kuuchunguza, kuubadili na kuugawa. Lakini kazi iliyoachwa wazi bila masharti, kampuni inaweza kuichukua, kuiongezea kidogo, kisha kuifungia. Jibu lake kwa hatari hiyo, kwangu mimi, linashinda programu yoyote aliyoiandika. Sheria ya haki miliki, inayotumika kuwazuia watu, aliigeuza iwalinde. Leseni yake ya GPL, yaani hati ya ruhusa na masharti, ya mwaka 1989 inakuruhusu kubadili programu na hata kuiuza, ila ukimpa mwingine lazima umpe na msimbo, pamoja na uhuru uleule. Ukikaidi, unashtakiwa kwa haki miliki hiyohiyo.

Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, ilichukua leseni hiyo mwaka 1992. Wikipedia ilipoanza mwaka 2001 ilitumia leseni ya taasisi ya Stallman, iliyotungwa kwa ajili ya vitabu vya maelekezo ya programu. Mwaka 2009 ikahamia leseni ya Creative Commons, shirika linalotunga leseni za kazi za ubunifu, yenye sharti lilelile la kurithisha ruhusa.

Kwetu matunda yalionekana mapema. Mwaka 2004, mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. OpenOffice ilikuwa programu huria, yaani yenye ruhusa ya kuibadili na kuigawa, kwa hiyo wafasiri hawakulazimika kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama wasemaji wa Kiswahili ni soko la kutosha.