Mbwa mweusi, mbwa mwekundu: nani anazidiwa na joto kwa kuwinda?

Huku Arua, Uganda, natibu wanyama, na watu wananiuliza sana, daktari, nichukue mbwa wa rangi gani wa kuwinda ndezi, maana mweusi anaungua na jua. Ni kweli manyoya meusi yanavuta jua zaidi, weka mkono mgongoni kwake saa saba mchana halafu umguse mwekundu, utasikia tofauti. Lakini mbwa akishaanza mbio joto kubwa linatoka ndani, kwa misuli, na misuli haina rangi ya manyoya.

Mbwa hatoi jasho kama sisi, analo kidogo tu kwa nyayo, kazi yote ni kuhema, ule unyevu wa ulimi ukikauka ndo unaondoka na joto. Hewa ikiwa nzito baada ya mvua haukauki vizuri, kwa hiyo usidanganywe na mawingu. Kawaida mbwa ana kama digrii 38 na nusu, kwa mbio kali anaweza kufika 41 na akipumzika akarudi sawa, ndo maana siangalii themomita peke yake, naangalia anavyotembea.

Wanaonifikia hali mbaya wengi ni wale wamefungwa mnyororo wiki nyingi, wamenona kwa posho (ugali), siku moja wanatolewa kukimbia mchana kutwa. Mzoeshe wiki 2 au 3 kwanza, anza dakika 15 asubuhi, ongeza polepole, na mbavu zake uzisikie ukipapasa. (Na kibali cha kuwinda uwe nacho, sheria ya wanyamapori ya Uganda ya 2019 inakitaka.)

Ulimi ukipanuka na ncha kujikunja kama kijiko, simamisha uwindaji hapo hapo. Mate yakiwa mazito, miguu ya nyuma ikiyumba, ukimwita haitiki, hiyo ni hatari kabisa. Mmoja aliletwa kwa boda amefunikwa gunia lililoloa, mwenyewe alifanya kwa kumpenda tu, lakini gunia likashika joto ndani, akafia mlangoni kwetu. Alikuwa wa rangi ya mchanga. Wako akizidiwa, mmwagie maji palepale porini, jerikeni nzima, mwili wote ila pua isiingie maji, mpepee, ndo umpandishe boda.

Hata akiamka umlete tu, figo zinaweza kuharibika baadaye. Siku 2 au 3 angalia mkojo wake, ukiona umekuwa kama chai ya rangi usingoje kesho.