Je, wajua kwa nini gwiji wa sinema ya Nepal alitokea India?

Kama umekulia Tanga, Mombasa au Unguja, na nyumbani kwenu sinema za Kihindi zilikuwa hazipiti bila kutazamwa, basi sauti ya Udit Narayan unaijua hata kama jina lake halikukai kichwani. Ndiye aliyeimba "Papa Kehte Hain" mwaka 1988, wimbo uliomtoa. Wasichokijua wengi ni kwamba miaka mitatu kabla ya hapo Udit alikuwa staringi. Mwaka 1985 alisimama mbele ya kamera katika "Kusume Rumal", filamu ya Kinepali iliyovunja rekodi za mapato katika majumba ya sinema ya Nepal.

Aliyemweka mbele ya kamera ni Tulsi Ghimire: mwongozaji, mwigizaji, mhariri wa filamu na mtunzi wa nyimbo. Ukiwauliza Wanepali ni nani aliyewafundisha kuipenda sinema yao wenyewe, jina lake halikosi kutajwa. Lakini hakuzaliwa Nepal. Alizaliwa mwaka 1951 huko Kalimpong, mji wa milimani katika jimbo la Bengali Magharibi, India, na kazi alijifunzia Bombay. Imekuwaje taifa lifundishwe sinema yake na mtu wa ng'ambo ya mpaka?

Jibu la kwanza liko kwenye chai. Waingereza walipoanza kupanda chai kwenye milima ya Darjeeling, jirani na Kalimpong, katikati ya karne ya 19, waliovuka kwenda kuchuma majani walikuwa wengi wao watu wa Nepal. Walihamia na lugha yao. Vizazi vilipopita, Kinepali kikawa ndiyo lugha ya soko, ya shule na ya mapenzi katika milima ile, na kikapata waandishi na wanamuziki wake.

Nepal kwenyewe mambo yalikuwa tofauti. Tangu mwaka 1846 hadi 1951 nchi ilishikwa na ukoo wa Rana, mawaziri wakuu waliorithishana madaraka na kumweka mfalme kama pambo. Elimu waliiogopa. Mtoto wa mkulima hakupata shule, sembuse sinema. Ndiyo maana filamu ya kwanza ya Kinepali, "Satya Harishchandra" ya mwaka 1951, ilitengenezwa Kalkuta, India. Nepal ilingoja hadi mwaka 1964 kuitengeneza ya kwake ndani ya nchi, "Aama", yaani Mama, na hata hiyo serikali ya Mfalme Mahendra ilimwita Hira Singh Khatri kutoka India aje kuiongoza. Shirika la filamu la kifalme lilikuja mwaka 1971, lakini kwa miaka mingi filamu za rangi zilikuwa bado zinapelekwa India kusafishwa.

Kwa hiyo kijana mwenye Kinepali kinywani na hamu ya filamu moyoni alikuwa na njia moja, nayo ilielekea Bombay. Ghimire aliishika. Akaingia chumba cha uhariri.

Hapa naomba tukae kidogo, maana naamini chumba hicho ndicho kilichomfanya awe alivyo. Enzi hizo filamu ilikuwa mkanda unaoshikika. Sekunde moja ni picha 24. Dakika moja ya mkanda wa milimita 35 ni karibu mita 27, na sinema ya saa mbili na nusu inapita mita 4,000 za mkanda uliokatwa kwa wembe na kuungwa kwa mkono, kipande baada ya kipande. Mhariri huona kila kosa la mwongozaji. Anaona mwigizaji aliyepepesa jicho kabla ya wakati, wimbo ulioanza huku machozi hayajakauka, adui aliyecheka mno. Anaona pia kinachomshika mtazamaji na kinachompotezea muda. Mtu akikaa miaka kwenye meza hiyo, siku anayopewa filamu yake huwa ameshaihariri kichwani kabla kamera haijawashwa.

Alianza kuongoza kwa "Bansuri", yaani Filimbi, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kazi ya kutunga muziki alimpa Ranjit Gazmer, mwana wa Darjeeling aliyekuwa akipiga madal, ngoma ya Kinepali ya nyuso mbili, katika bendi ya R.D. Burman, mtunzi wa muziki wa sinema za Kihindi, huko Bombay. Watu hawa wawili walikuwa wakifanya kazi moja: kuchukua ufundi wa Kihindi na kuuvisha mdundo wa kwao. "Kusume Rumal" ilitoka kwenye ndoa hiyo. Binti mmoja, Tripti Nadakar, wanaume wawili, Udit na Bhuwan K.C., na nyimbo ambazo Wanepali wa rika zote bado wanaziimba.

Mwaka 1989 akatoa "Lahure", na humo akaigiza mwenyewe. Neno hilo lina historia ndefu. Zamani vijana wa Nepal walikwenda mji wa Lahore kujiandikisha katika jeshi la Ranjit Singh, mtawala wa Masingasinga. Aliyerudi akaitwa lahure, mtu wa Lahore, na jina likabaki hata jeshi lilipokuwa la Mwingereza na safari ikawa ya mbali zaidi. Babu zetu wa keya (KAR), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, walipigana katika uwanja mmoja na vijana hao, wale Magurkha. Kila kijiji cha Nepal kina mama aliyemngoja lahure. Kichwa cha filamu peke yake kilitosha kumtoa mtu nyumbani kwenda kukata tiketi.

Mwaka 1991 ulimpa "Chino" na "Deuta". Katika "Chino", Sunil Thapa aliigiza adui aitwaye Rate Kaila, akawa kitisho ambacho watu hawajakisahau hadi leo. Katika "Deuta" aling'ara Rajesh Hamal, kijana mrefu aliyekuwa bado anaanza, ambaye baadaye angetawala mabango ya Kathmandu kwa muda mrefu.

Kwangu mimi kazi yake yenye ujasiri mkubwa ni "Balidaan", yaani Kafara. Kuanzia mwaka 1960 hadi 1990 Nepal iliongozwa kwa mfumo wa Panchayat, vyama vya siasa vikiwa marufuku. Ghimire aliichukua hadithi ya waliopambana na mfumo huo, na uhusika mkuu akampa Hari Bansha Acharya, mtu ambaye taifa zima lilimjua kwa vichekesho. Ndani ya filamu kuna wimbo uliotokana na shairi la Shyam Tamot, "Gaun gaun bata utha": inukeni, kutoka kijiji hadi kijiji. Aprili 2006, umati ulipojaza barabara za Kathmandu kumtaka Mfalme Gyanendra arudishe madaraka kwa wananchi, wimbo huo uliimbwa tena barabarani.