Chini ya dhahabu ya Oscar

Wateja wanaokuja kuagiza tuzo huniuliza sana kama sanamu ya Oscar, tuzo ya filamu ya Marekani, ni dhahabu tupu. Si dhahabu tupu. Ina urefu wa sentimita 34 hivi na uzito wa kilo 3.85, ingekuwa dhahabu yote, uzito huo ungezidi maradufu. Dhahabu ni ngozi tu. Kwa sisi tunaosubu madini, kinachovutia kiko chini yake, kwa sababu mwili wa sanamu ile umebadilishwa mara kadhaa tangu itolewe mara ya kwanza Mei 16, 1929, katika Hoteli ya Roosevelt, Hollywood.

Mchoro ulitoka kwa Cedric Gibbons, msanifu mkuu wa mandhari za filamu katika kampuni ya MGM: askari aliyesimama wima na upanga wake juu ya gurudumu la mkanda wa filamu. Gurudumu lina spoki 5, moja kwa kila tawi la mwanzo la Akademi, chama cha watu wa filamu kinachotoa tuzo hii: waigizaji, waongozaji, watayarishaji, waandishi na mafundi. Aliyeutoa mchoro kwenye karatasi akaupa umbo ni George Stanley, mchongaji wa Los Angeles. Gibbons hutajwa kila mahali, Stanley kwa nadra, na sioni haki hapo. Itazame mikono: imekunjwa kifuani, upanga umeshuka sambamba na miguu, hakuna kilichochomoza. Umbo la namna hiyo linajaa vizuri kwenye kalibu, linang'arishwa bila taabu, na halina kiungo cha kukatika ovyo. Penye udhaifu ni shingoni.

Sanamu za kwanza zilikuwa shaba nyeusi (bronzi) iliyopakwa dhahabu. Miaka michache baadaye wakahamia kwenye mchanganyiko ambao sehemu kubwa ni bati, pamoja na madini ya antimoni na shaba nyekundu kidogo. Naelewa kwa nini. Bati huyeyuka kwenye moto mdogo sana ukilinganisha na shaba, kalibu hudumu, na kazi huenda haraka. Lakini ni laini, na kila kalibu inayotolewa kwenye nakala ya nakala hupoteza kitu: ukingo wa kidevu, mstari wa nywele, makali ya upanga.

Vita Kuu ya Pili ilipofanya madini yawe adimu, kwa miaka 3 washindi walipewa sanamu za plasta iliyopakwa rangi, na vita vilipokwisha wakazileta wabadilishiwe. Barry Fitzgerald, mshindi wa 1945, alikuwa akifanya mazoezi ya gofu nyumbani kwake akaikata yake kichwa. Shingoni, bila shaka.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba si washindi wote waliopewa sanamu. Tuzo za waigizaji wasaidizi zilipoanza kutolewa kwa filamu za 1936, wao walipewa kibao tu. Hattie McDaniel, mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, alipokea kibao hicho Februari 29, 1940, usiku ambao aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu aliyoshindia. Aliacha wosia kiende Chuo Kikuu cha Howard. Kilipotea huko, na mwaka 2023 Akademi ikakipa chuo hicho kibao kingine. Waigizaji wasaidizi walianza kupewa sanamu kamili mwaka 1944. Kwa hiyo Lupita Nyong'o alipopanda jukwaani mwaka 2014, tuzo ilikuwa ya kundi lilelile la McDaniel, ila sasa alibeba askari mzima. Huyo alikuwa bado wa bati, kazi ya kiwanda cha R.S. Owens cha Chicago.

Mwaka 2016 kazi ilihamia kiwanda cha Polich Tallix, jimbo la New York, na shaba nyeusi ikarudi. Walipima kwa mashine sanamu ya shaba ya 1929 pamoja na ile ya siku hizi, wakaurudisha uso ulioanza kufifia. Kielelezo huchapwa kwa printa ya pande tatu, kikatengenezewa kalibu ya kumimina nta. Kila sanamu ya nta huvikwa gamba la udongo wa kauri, gamba likachomwa hadi nta yote itoke, ndipo shaba iliyoyeyuka ikamiminwa mahali pake. Baada ya hapo ni msasa mpaka sanamu ing'ae kama kioo, kisha dhahabu ya karati 24 inapakwa kwa umeme huko Brooklyn. Sanamu 50 huchukua takriban miezi 3. Huo msasa ndio kazi yenyewe: dhahabu haifichi mkwaruzo, inautangaza.

Kibati cha jina huwa kitupu sanamu inapokabidhiwa jukwaani, ili siri isivuje kiwandani. Tangu 2010 washindi wanawekewa majina yao usiku uleule, kwenye karamu inayofuata. Na anayeipokea anafungwa na sharti la tangu 1950: hawezi kuiuza kabla ya kuipa Akademi nafasi ya kuinunua kwa dola 1. Zile za kabla ya hapo zina soko huria, ndiyo maana Michael Jackson aliweza kulipa dola milioni 1.54 mwaka 1999 kwa sanamu ya filamu bora ya 1939.